Mtoto Ametolewa Majini: Nani Afanye Nini?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kama unapepeta mchele, endelea kupepeta huku ukisikiliza. Lakini kama mtoto wako mdogo yuko uani peke yake, tafadhali mwite kwanza aje karibu nawe, kwa sababu mazungumzo yetu ya leo yanahusu mtoto aliyekuwa uani peke yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikipita nyumba kwa nyumba katika kijiji kimoja kando ya barabara ya kutoka Kilifi kwenda Malindi, kupima watoto uzani na kuangalia kadi za chanjo. Tukasikia mayowe kutoka nyumba ya tatu. Nilipofika, mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa ametolewa ndani ya pipa la maji ya mvua. Watu walikuwa kumi na wawili. Niliwahesabu baadaye, kichwani, usiku nilipokosa usingizi. Mmoja alikuwa amemshika mtoto miguu, kichwa kikining'inia chini. Mwingine alikuwa akimpiga mgongoni. Mwingine alikuwa jikoni akitafuta kitunguu cha kumnusisha. Vijana wawili walikuwa wamekimbilia barabarani, kila mmoja kivyake, na bodaboda zikaja mbili kwa mpigo. Mama mtoto alikuwa ameshikwa na wanawake watatu asije akajiumiza. Na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa akimpa mtoto pumzi.

Nisikilize vizuri hapo. Sisemi watu wale hawakuwa na mapenzi. Kila mmoja alikuwa akihangaika kwa moyo wake wote. Lakini watu kumi na wawili walikuwa wakifanya kazi kumi na mbili, na kazi moja iliyotakiwa haikuwa na mtu.

Na mimi pia nina langu la kukiri. Nilimlaza mtoto chini nikaanza kazi, kisha nikapiga kelele, "Mtu apige simu!" Mtu gani? Kila aliyenisikia alidhani namwambia mwenzake. Dakika zilipita kabla sijagundua kwamba hakuna aliyepiga. Nilipouliza mtoto ametolewa majini lini, hakuna aliyejua. Nyanya yake akaniambia kwamba ugali uliokuwa jikoni wakati huo sasa umeungua. Hiyo ndiyo saa tuliyokuwa nayo.

Mtoto yule hakurudi.

Tangu siku hiyo, kila ninapokaa na akina mama, sifundishi tu namna ya kupumulisha mtoto. Nafundisha pia namna ya kugawana kazi, kwa sababu mtu mmoja huchoka, na watu kumi na wawili wasiopangwa huweza kufanya kidogo kuliko mtu mmoja.

Tuanze na sababu ya haraka yenyewe. Damu hubeba oksijeni, ile hewa ya uhai, kutoka mapafuni na kuipeleka ubongoni. Ubongo hauna ghala la kuweka akiba. Moyo ukisimama, baada ya dakika kama 4 hadi 6 ubongo huanza kuharibika. Sasa jiulize, kutoka kwako hadi kituo cha afya ni dakika ngapi kwa bodaboda? Kama ni 20, basi ukimkimbiza mtoto bila kumfanyia lolote njiani, umetumia muda wake wote barabarani. Kwa hiyo matibabu ya kwanza ni pale pale uani, na mwenye kuyaanza ni wewe.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawajaambiwa. Mtu mzima anapoanguka ghafla, mara nyingi moyo ndio uliotangulia kusimama, na damu yake bado ina oksijeni kiasi. Ndiyo maana kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla mbele yako, hata ukimbonyeza kifua peke yake unakuwa umemsaidia sana. Mtoto ni kinyume. Mara nyingi kwa mtoto pumzi ndiyo hutangulia kukatika, kwa maji, kwa kukabwa au kwa ugonjwa wa mapafu, halafu moyo hufuata. Damu yake tayari imeishiwa oksijeni. Ukibonyeza kifua bila kumpa pumzi, unazungusha damu isiyo na kitu. Mtoto aliyetoka majini anahitaji pumzi kwanza.

Wengine watasema, sista, hayo ni mambo ya wauguzi. Hapana. Mwaka wa 1960 watafiti wa Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, walichapisha taarifa juu ya kubonyeza kifua kwa nje bila kukipasua, na walieleza wazi kwamba kinachohitajika ni mikono miwili tu. Kupuliza pumzi mdomo kwa mdomo kulikuwa kumethibitishwa miaka michache kabla ya hapo. Zaidi ya miaka 60 imepita. Wewe una mikono miwili na una pumzi.

Haya, sasa tufuatane polepole.

Kwanza angalia usijitie hatarini. Usishuke kisimani bila kamba na watu wa kukushika. Kama mtoto amenaswa na umeme, zima umeme kabla ya kumgusa. Kama mlilala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, fungua mlango na mtoe mtoto nje kabla ya jambo lingine lolote.

Mtoto akiwa mikononi mwako, mwite jina lake kwa sauti. Kama ni mchanga, mpige kidogo kwenye nyayo. Usimtikise. Asipoitika, mlaze chali mahali pagumu: chini, juu ya mkeka, au mezani. Kitandani hapafai, kwa sababu ukibonyeza kifua godoro litabonyea badala yake. Angalia kifua kinapanda na kushuka? Weka sikio karibu na pua yake. Hesabu moja hadi kumi, usizidi hapo. Na usihangaike kutafuta mpigo wa moyo. Hata sisi wenye mafunzo hukosea tunapokuwa na wasiwasi.

Hapa kuna mtego. Mtoto ambaye moyo wake umesimama anaweza kufungua mdomo na kuvuta hewa mara moja, kwa nguvu, kama samaki aliyetolewa majini, kisha akanyamaza, kisha akafanya tena. Watu husema, "Anapumua! Mwacheni apumzike!" Huko si kupumua. Mhesabu kama mtoto asiyepumua na uanze kazi.

Sasa pumzi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kichwa chake kiwe sawa tu, pua ikitazama juu. Usikivute nyuma sana, maana utaziba njia ya hewa badala ya kuifungua. Mdomo wako ufunike mdomo wake na pua yake kwa pamoja. Mtoto mkubwa kuliko huyo, inamisha kichwa chake nyuma kidogo, inua kidevu, bana pua kwa vidole viwili, kisha funika mdomo wake kwa mdomo wako. Puliza taratibu kwa sekunde moja, kiasi cha kuona kifua kikipanda. Usipulize kama unayewasha kuni mbichi. Mapafu ya mtoto ni madogo na hewa ya ziada huenda tumboni akatapika. Kifua kisipopanda, rekebisha kichwa ujaribu tena. Mpe pumzi 5 za mwanzo. Wako waliofundishwa 2 za mwanzo. Kama ndivyo ulivyofundishwa, fanya hivyo hivyo, la muhimu ni kwamba mtoto wa majini huanzwa kwa pumzi.

Akikohoa, akilia, au akaanza kupumua vizuri, umeshinda. Asipofanya hivyo, bonyeza kifua.

Mahali pa kubonyeza ni kwenye ule mfupa wa katikati ya kifua, sehemu yake ya chini, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Si tumboni. Mtoto mchanga, mzungushie kifua viganja vyako viwili, vidole gumba vyote viwili vikae juu ya mfupa huo, ubonyeze kwa gumba. Zamani tulifundisha vidole viwili. Siku hizi tunapendelea gumba kwa sababu hubonyeza vizuri zaidi na hazichoki upesi. Kama mikono yako haimzunguki, tumia ile sehemu nene ya kiganja kimoja, pale karibu na kifundo cha mkono. Mtoto mkubwa kidogo tumia hiyo hiyo sehemu ya kiganja, mkono mmoja au miwili kulingana na ukubwa wake, kiwiko kikiwa kimenyooka.

Bonyeza kwa kina cha theluthi moja ya kifua chake. Kwa mtoto mchanga ni kama sentimita 4. Kwa mtoto mkubwa ni kama sentimita 5, karibu urefu wa kisanduku cha kiberiti. Najua utaogopa. Kila mama niliyemfundisha huanza kwa kubembeleza kifua kama anayepaka mafuta. Bonyeza! Kisha achia kifua kirudi juu chote kabla ya kubonyeza tena. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Ukibonyeza mara 30, mpe pumzi 2, kisha 30 tena, kisha 2. Hospitalini utatuona wawili wetu tukifanya 15 kwa 2 kwa watoto, usichanganyikiwe. Nyumbani shika 30 kwa 2.

Maji yatatoka na matapishi yatatoka. Mtoto aliyezama hutapika sana. Mgeuze ubavu, pangusa mdomo kwa ncha ya leso, mrudishe chali, endelea. Usichokoe kooni kwa kidole kutafuta usichokiona.

Sasa nifike kwenye lile lililonitoa nyumbani leo. Mikono mingine iliyo hapo uani ifanye nini?

Aliye wa kwanza kuanza ndiye msemaji. Sauti iwe moja. Na hapa nazungumza hasa na dada wa nyumbani, kwa sababu najua yanayokupata. Wewe una miaka 19, umejifunza jambo hili redioni, na pale uani wapo mama mkwe wa bosi wako, mzee wa mtaa na majirani wenye umri wa mama yako. Utaona haya kuwaamrisha. Usione haya. Waamrishe. Shikamoo zao utawapa baadaye. Nanyi wazee wangu, kwa heshima yote, mkimkuta msichana amepiga magoti juu ya mtoto na anajua anachofanya, msimsukume kando. Muulizeni, "Tukusaidie nini?"

Usiseme "mtu" kama nilivyosema mimi. Nyosha kidole. "Wewe mama mwenye leso nyekundu, piga simu sasa hivi, weka sauti ya juu, ukae hapa karibu nami." Nambari za dharura hapa Kenya ni 999 na 112, na hazikati pesa kwenye simu. 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Na gari la wagonjwa la kaunti yenu lina nambari yake. Iulize zahanati, au muulize mhudumu wa afya ya jamii anayewatembelea, na uiandike kwa chaki nyuma ya mlango. Ndani ya simu peke yake haitoshi. Siku hiyo simu itakuwa haina chaji, au itakuwa na baba mtoto mjini.

Aliyepiga simu arudi aseme kwa sauti: "Nimepiga, wamepokea, wanakuja," au "Hawapokei." Wodini tunafanya hivyo hivyo. Ukitumwa jambo, unalirudia ili aliyekutuma ajue umesikia, na ukilimaliza unasema limekwisha. Si utovu wa adabu, wala si kujibizana. Ni kwamba aliyeinama juu ya mgonjwa hana macho ya kukutazama.

Mwingine mtume akatafute chombo, na uwe mmoja tu. "Wewe kijana, nenda barabarani, lete gari au tuktuk. Usilete bodaboda." Juu ya pikipiki hakuna anayeweza kubonyeza kifua wala kupuliza pumzi. Gari likifika na la wagonjwa halijulikani liko wapi, mlazeni mtoto chali juu ya sakafu ya gari au kwenye kiti kirefu, wawili waingie naye, na kazi iendelee njiani. Asipakatwe. Mapajani mwa mtu kifua hakibonyezeki.

Mwingine apige magoti upande wa pili wa mtoto. Huyu ni wa kupokezana. Kubonyeza kifua kunachosha kuliko kutwanga, na ukichoka unabonyeza juu juu bila kujijua. Kwa hiyo mmoja abonyeze na kuhesabu kwa sauti, wa pili awe kichwani akitoa pumzi, na baada ya mizunguko 5 hivi ya 30 kwa 2, ambayo ni kama dakika 2, wabadilishane. Wabadilishane haraka, bila kujadiliana. Kama yupo mtu wa tatu anayejua, naye aingie kwenye zamu.

Kisha kuna kazi ambayo watu huidharau: mtu wa kushika saa na kuzuia watu. Aangalie saa pale mtoto alipotolewa majini, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza tutakalokuuliza hospitalini. Awasogeze watu nyuma, awaondoe watoto wengine wasitazame, na amzuie yule atakayekuja na kitunguu. Maana atakuja. Pia atakuja wa kusema mning'inizeni maji yatoke. Maji yanayotoka ukimning'iniza kwa kiasi kikubwa ni ya tumboni. Yaliyo mapafuni hayatoki hivyo, na matapishi yanaweza kurudi kuingia kwenye njia ya hewa. Zaidi ya yote, muda wote anaoning'inia hapumui.

Na mama mtoto je? Watu wana desturi ya kumshika na kumvuta mbali. Mimi nasema, muulizeni. Mama mwingine ndiye mwenye nguvu kuliko wote pale, na anaweza kuwa ndiye mtoa pumzi. Mwingine magoti yamemwishia. Huyo akae miguuni pa mtoto, amshike unyayo, amwite jina lake, na shoga yake mmoja amshike bega. Asifungiwe chumbani kusikiliza kelele za nje.

Kama uko peke yako kabisa, simu ikiwa karibu ipige ukiweka sauti ya juu, iweke chini, na uendelee na kazi huku unazungumza. Kama huna simu, fanya kazi kwa dakika 1 au 2 kwanza, kisha kimbia ukaite watu. Mtoto mdogo unaweza kumbeba ukaenda naye.

Haya mambo ukiyasikia mara moja utayasahau. Kuna chama kimoja cha akina mama ninaokutana nao Jumamosi, baada ya kuhesabu michango yao. Hatuna yale masanamu ya mafunzo. Tulichukua chupa tupu ya plastiki ya lita moja, tukaifunga kifuniko, tukaivika fulana ya mtoto na kuiwekea kichwa cha matambara. Ukiibonyeza inarudi juu, karibu kama kifua. Mara ya kwanza nilipopiga ukelele wa mazoezi, wanawake tisa waliinuka na saba kati yao wakakimbilia simu! Tulicheka mpaka machozi. Mara ya tatu kila mmoja alijua pake. Mmoja wao, mama mnene mchangamfu, alikataa katakata kupiga magoti kwa sababu ya miguu yake, akajitwalia kazi ya kuzuia watu. Sijaona mtu aliyeifaa kazi hiyo kuliko yeye.

Miezi michache baadaye mtoto wa jirani wa mmoja wao aliingia kichwa ndani ya beseni kubwa la maji ya kufulia. Alikutwa upesi. Hakuwa akiitika wala kupumua. Yule mama alianza pumzi, na akiwa kwenye ya nne mtoto akatapika, akalia. Tuktuk ilikuwa tayari langoni. Walimpeleka hospitali, akalazwa usiku ule kuangaliwa. Sitawaambia kwamba moyo wake ulikuwa umesimama na wao wakauamsha. Huenda ni pumzi tu iliyokuwa imekatika, na moyo ulikuwa bado unapiga. Lakini hapo ndipo pazuri pa kumkuta mtoto, kabla moyo haujafuata.

Na sitawadanganya upande wa pili. Moyo ukishasimama kabisa, wengi hawarudi, hata hospitali kubwa, hata kazi ikifanywa bila kosa. Nasema hivi kwa ajili ya mama fulani anayenisikiliza ambaye alijaribu na mtoto wake hakurudi. Hukumuua kwa kujaribu. Mtoto asiyepumua na moyo wake umesimama, huwezi kumfanya kuwa katika hali mbaya kuliko hiyo. Hata ubavu ukiumia, ubavu hupona.

Mnaacha lini? Mtoto akianza kupumua mwenyewe. Au mhudumu wa afya akifika na kuwapokea. Au nyote mkiwa mmechoka kabisa hamna tena nguvu. Asitokee mtu wa kusema "basi, ni kazi ya Mungu" baada ya dakika tatu.

Akirudisha pumzi, mlaze ubavu, mvue nguo zilizoloa, mfunike kwa kitu kikavu, na mtu mmoja asiondoe macho kwenye kifua chake, kwa sababu anaweza kuacha kupumua tena. Na aende hospitali, hata kama analia na kuomba uji. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye, usiku, nyote mkiwa mmelala mkishukuru.

Neno dogo juu ya maji yenyewe, na nitalisema upesi kwa sababu mnalijua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Bahari na mto si lazima. Mtoto anayeanza kutembea ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake; akiinama kwenye ndoo hawezi kujiinua, na maji ya sentimita chache yanatosha kuziba pua na mdomo. Wala hapigi kelele. Usingoje kusikia. Ukimaliza kufua, mwaga maji na ulipindue beseni. Pipa liwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukisogeza, kisima kiwe na mfuniko wa mbao. Na ukimwachia mtu mtoto, mtaje jina: "Nakuachia huyu." Watu watano wakiwa uani kila mmoja hudhani mwenzake anamwangalia.

Sasa kabla hatujaagana nina ombi la jioni ya leo. Mkikaa nje kupunga upepo, waulize majirani zako maswali matatu. Nani ana gari karibu, na analala hapa au huondoka nalo? Nani amewahi kufunzwa kubonyeza kifua? Nambari ya gari la wagonjwa la kaunti yetu ni ipi? Kama hakuna mwenye jibu la hilo la tatu, kesho asubuhi mmoja wenu apite zahanati. Chaki huuzwa dukani, au waombeni watoto wa shule kipande.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mtoto aliyekabwa na kipande cha muhogo au sarafu, na kwa nini mtoto mchanga hafanyiwi kama mtu mzima. Mwenye swali anaweza kunikuta siku za kliniki, chini ya mwembe, nikipima uzani. Kwaherini.